Chiriku, Kuanzia Utosini

Chumba cha kujazia kilikuwa na joto tangu asubuhi, kwa sababu madirisha yake yalipigwa misumari. Upepo, alisema Msimamizi, huharibu maji. Wanawake walikaa kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na beseni lake la maji ya vuguvugu, na kila mmoja akazamisha humo mrija wa kioo wenye zebaki, akainama, akautazama uzi mwembamba ukipanda. Uzi ukishapanda lazima uachwe utulie, ndipo mrija utiwe alama. Ukiutia alama mapema, kipimajoto kitasema uongo maisha yake yote. Ukichelewa, hali ni ileile. Na jicho halikuruhusiwa kutoka kwenye uzi hata kwa kutazama saa ya ukutani, ndiyo maana saa ya ukutani iling'olewa ikapelekwa ofisini, ambako watu wana nafasi ya kuitazama.

Kwa hiyo kila mwanamke alipima muda kwa kitu cha kichwani mwake. Siku ya kuajiriwa, Msimamizi alikaa mbele yake na saa ya kubonyeza, ile ya walimu wa riadha, akamwambia achague jambo analolijua vizuri na kulipenda, alipitie kimoyomoyo kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mara kwa mwendo uleule. Sala zilikatazwa, maana ilionekana kwamba wenye haraka zao huzikimbiza. Nyimbo nazo zilikatazwa, kwa kuwa mmoja akinong'ona benchi zima linaitikia. Kilitakiwa kitu cha mtu binafsi. Mmoja alichagua njia ya kutoka kwa mama yake hadi sokoni, duka kwa duka. Mwingine alichagua namna ya kukata gauni la kola.

Mama Chiriku alichagua mtoto wake.

Alikuwa naye mmoja tu, msichana, na watu walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Mama alianzia utosini: nywele zinazozunguka kwenda kulia, sikio moja lililokunjika kidogo kwa juu, nyusi zilizokaribia kukutana, macho makubwa yenye kope ndefu, pengo la meno ya mbele, shingo, mabega, kisha goti lenye kovu la siku alipoangukia jiko, mpaka kidole kidogo cha mguu kinachomlalia mwenzake. Msimamizi alibonyeza saa yake, akatabasamu. "Barabara kabisa," alisema. "Usibadilishe hata nukta." Mama Chiriku alirudi nyumbani siku hiyo amefurahi. Aliona amepata kazi ya kushinda na mwanawe kutwa nzima, na mshahara juu yake.

Zebaki yenyewe ni kitu kizuri kukitazama, na hilo ndilo baya lake. Haina harufu, haichomi, haichafui nguo. Matone yalikimbia chini ya meza, yakajificha kwenye nyufa za sakafu na kwenye pindo za sketi, na jioni yakafagiwa kwa fagio la kawaida pamoja na vumbi na makombo ya mkate. Wanawake wengine waliyasukuma kwa kidole wakati wa mapumziko, wakicheka yanavyogawanyika na kuungana.

Baada ya muda mikono ilianza kutetemeka, ya wote, basi chai ikawa inamiminwa nusu kikombe na maisha yakaendelea. Fizi zilitoka damu. Mate yalikuwa na ladha ya sarafu. Halafu maneno yakaanza kukimbia: mtu anaomba "kile, kile cha kufutia," akichezesha vidole hewani, mpaka mwenzake amwelewe na kumpa kitambaa. Hali hiyo waliiita kutu. "Leo nina kutu," mtu alisema akiingia, na wenzake wakamsaidia kutafuta benchi lake.

Mama Chiriku ndiye aliyekuwa akilichekesha benchi zima. Sasa akaanza kuwaonea haya watu aliokula nao miaka yote. Mtu akimtazama anapotafuna, alijihisi kama mwizi aliyekamatwa, akaenda kulia chooni. Usingizi ulimkataa. Kijiko kikianguka, hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto, na dakika chache baadaye hakukumbuka amekasirikia nini. Alibaki na woga tu, ambao haukuwa na mwenyewe, na aliubeba kila alikokwenda.

Mtu wa kwanza kumtambua Chiriku alikuwa muuza vitambaa ambaye hawakuwahi kuonana naye. Alikuwa ametoka kuugua homa. Alimwona mtoto akipita mbele ya duka lake, akamwita kwa jina, akamuuliza kama goti bado linamsumbua kukiwa na baridi. Chiriku alimwamkia, akasema linauma kidogo tu, akaendelea na safari kwa sababu alikuwa ametumwa chumvi. Baada yake akaja dereva wa lori, kisha mke wa fundi umeme, kisha kitoto cha mgongoni kilichonyoosha mkono kwenye foleni ya maji na kulishika lile sikio lililokunjika, kwa uhakika, kama kinashika chake.

Mtaa ulielewa bila kuitisha kikao. Kila aliyewekewa kwapani kipimajoto kilichotiwa alama na Mama Chiriku alimpata mtoto huyo pamoja na joto lake. Wenye wagonjwa walisema inasaidia. Mtoto mwenye homa anatulia, walisema, kwa kuwa anakuwa na mwenzake.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Vilivyoingia kwenye vioo vilikuwa vinamtoka mama, na vilimtoka kwa mpangilio uleule aliouchagua.

Jioni moja alikuwa akimchana Chiriku, kitana kikasimama hewani. "Nywele zako hulala upande gani?" aliuliza.

"Kulia, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Mama alimchana kwenda kulia, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Siku kadhaa baadaye alilishika sikio lililokunjika akamuuliza nani amemvuta. Chiriku aliujua mpangilio ule kwa sababu mama alizoea kuusema kwa sauti siku za furaha, akimgusa kila mahali anapopataja. Alijua baada ya sikio ni nyusi, na baada ya nyusi ni macho. Aliogopa sana. Darasani aliacha kuongea, na mwalimu akamsifu kwa hilo.

Zamu ya macho ilifika siku ya kawaida ya kazi. Chiriku alirudi kutoka shuleni, akagonga, mama akafungua. "Karibu, mwanangu," alisema. "Unamtafuta nani?"

Kila mtu mzima humwita kila mtoto mwanangu, na Chiriku alilijua hilo. Alisema anaishi humu. Mama aliomba radhi, akampisha, akamsogezea kiti cha wageni.

Aliyekuwa ndani akayaona yote ni mjomba, mdogo wake mama, fundi viatu aliyeishi chumba cha uani na mwenye ulimi mkali kuliko shazia, sindano yake ya kushonea viatu. Alizoea kumtania dada yake mchana kutwa. Siku hiyo hakutania. Alimwambia mtoto aketi kwenye kiti kile kile cha wageni, kisha akatoka nje akaegemea ukuta mpaka alipoweza kurudi ndani.

Mama Chiriku bado alijua kwamba ana mtoto. Alilijua kama mtu anavyojua kwamba ana bandama. Saa ya chakula alimweleza jirani yake wa benchi, Mama Mapacha, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyekaa kwenye chumba kile muda mrefu kuliko wote.

"Kwani wewe ulitumia nini?" Mama Mapacha aliuliza.

"Mtoto."

Mama Mapacha aliacha kutafuna. "Mtoto? Shoga yangu, na vitu vyote vilivyojaa duniani? Mimi nilitumia matusi ya mume wangu wa kwanza. Yote, moja moja, alivyokuwa akiyapanga. Juzi kaja kuniomba radhi, nikamuuliza anauza nini."

Alicheka mpaka chai ikamwagika, ingawa kwa mikono yao chai ilimwagika hata kwa huzuni. Mama Chiriku alimuuliza wagonjwa wanaopimwa kwa vioo vyake wanakuwaje.

"Wanatukana," alisema Mama Mapacha. "Nasikia wodi nzima. Hilo mimi halinihusu." Kisha akamshika mkono. "Badilisha, mama. Badilisha leo leo."

Mchana huohuo alijaribu. Alichukua ukuta wa jirani, tofali kwa tofali, kitu asichokipenda wala kukichukia. Lakini ukuta haukuwa na mwendo. Mara uliisha upesi, mara usingizi ukamchukua, na vipimajoto vikatoka vinasema uongo. Msimamizi alikuja akasimama nyuma yake. Hakuwa mtu wa kupaza sauti; alikuwa na upole wa muuguzi anayeficha sindano. Aliita "Mama Chiriku" mara tatu kabla mwenyewe hajajua kwamba ndiye anayeitwa.

"Rudi kwenye kile cha kwanza," alisema. "Hospitali zimekizoea. Zinaagiza vya benchi lako kwa kutaja, vyenye alama ya kijani."

"Ananitoka, bwana. Mtoto ananitoka."

"Najua," alisema Msimamizi, na alikuwa anajua kweli. "Ndiyo maana vinatoka vizuri. Ukiona huwezi, hakuna anayekulazimisha."

Alionyesha mlango, ambao haukupigwa misumari. Mama Chiriku aliutazama. Nje ya mlango ule hapakuwa na kazi ya mwanamke anayetetemeka mikono na kusahau jina la kitambaa. Viatu vya mjomba vililisha nyumba nusu mwezi. Akarudi kwenye shingo ya mwanawe, ambako ndiko alikokuwa amefika.

Mjomba alimpeleka kwa daktari wa kiwanda. Daktari alimtazama ulimi, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyocheza, akasema ni wasiwasi. Wanawake wa chumba kile wana wasiwasi, alisema, nadhani ni kukaa pamoja sana. Kisha akatoa kwenye droo kipimajoto cha zamani chenye alama ya kijani, akamwekea kwapani.

Uzi ulipanda. Mama Chiriku alinyanyua kichwa, na uso wake ukarudi kuwa ule mjomba aliokua nao. "Mtoto anatoka shule saa hizi," alisema. "Sijamwachia ufunguo. Wewe umekaa tu hapa, hujui akikuta mlango umefungwa anavyolia na kope zake zile?" Alisimama, akashika mkoba.

Daktari alichomoa kipimajoto, akakisogeza kwenye mwanga. "Joto la kawaida," alisema. "Huumwi."

Mama Chiriku aliketi. Aliuliza kwa sauti ya haya alikuwa amesimama kwenda wapi. Daktari alimshauri anywe maziwa na apumzike siku za mapumziko. Mjomba aliomba auziwe kile kipimajoto. Daktari alisema ni mali ya kiwanda, akakikung'uta mpaka uzi ukashuka, akakirudisha kwenye droo.

Jioni ileile mjomba alizunguka maduka ya dawa akanunua kipimajoto kipya chenye alama ya kijani. Walimkalisha mama kitandani. Chiriku mwenyewe alimwekea kwapani, akasimama mbele yake, ameoga, amejichana kwenda kulia. Mama alimtazama usoni kwa upole wa mgeni. Halafu macho yake yakashuka, yakashuka tena, yakafika kwenye goti. Alitoka kitandani akapiga magoti sakafuni, akalikumbatia lile goti, akalibusu kovu, akaliambia pole, pole, nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Chiriku alisimama wima asianguke. Hakuthubutu kusema neno, kwa sababu alihisi kwamba sauti yake ingemkumbusha mama kwamba juu ya goti kuna mtu asiyemjua.

Kipimajoto kipya, mjomba alitambua, kina kilichobaki tu. Uso ulikuwa umo kwenye vya zamani, na vya zamani vilikuwa majumbani mwa watu.

Wakaanza kuzunguka, mjomba na mpwa wake, mlango kwa mlango, wakiuliza nani alinunua kipimajoto cha alama ya kijani wakati ule mama alipoanza kazi. Walipokelewa vizuri ajabu. Watu wasiowajua walimwita Chiriku kwa jina lake, wakamkalisha, wakamletea maji, wakamgusa sikio. Mzee mmoja aliyestaafu alilia alivyomwona, akasema amekua. Wote walikuwa na kipimajoto. Wote walikitoa kabatini wakamwonyesha, kimeviringishwa kwenye kitambaa safi. Na mjomba alipoeleza wanachokitaka, wote wakakirudisha kabatini.

Mke wa fundi umeme alikuwa na mtoto wa kiume anayeugua mara kwa mara. "Elewa, kaka yangu," alimwambia mjomba mlangoni. "Mwanangu halali bila yeye. Tumemzoea mtoto huyu, ni kama wetu."

"Ni wa dada yangu," mjomba alisema.

"Najua. Mwambie dada yako tunamshukuru sana."

Alimpa Chiriku pakiti ya biskuti. Mjomba alitaka kuitupa njiani, lakini Chiriku alikuwa na njaa, wakaila wote wawili wakitembea. Walirudi mikono mitupu kila jioni, mpaka mjomba akaacha kuvaa viatu vyake vizuri kwa safari hizo, na mwisho safari zenyewe zikakoma. Alibaki akigonga soli kwa nguvu isiyohitajika.

Kidole kidogo cha mguu nacho kikaenda. Mama hakujua tena kwamba ana mtoto, hata kwa namna ya kujua bandama. Akiitwa Mama Chiriku aligeuka nyuma kutafuta anayeitwa. Njia ya nyumbani ilianza kumchanganya, hivyo mjomba alimwambia kuna mtoto atakayemsubiri getini kila jioni na kumvusha barabara. Mama alikubali. Alimpenda yule mtoto tangu siku ya kwanza. Alikuwa na maneno mengi, alisema, na mkono wenye joto.

Chumbani, Msimamizi alikiona kipimajoto cha mwisho cha alama ya kijani kikitoka kitupu kabisa. Kilipima joto peke yake, kama vya viwanda vingine. Akaja na saa yake ya kubonyeza, akakaa mbele ya mama.

"Kimekwisha?" aliuliza.

"Nasema maneno tu. Hayana mtu ndani."

"Basi chagua kingine. Kisiwe ukuta. Kitu unachokipenda, ndicho kinachokwenda kwa mwendo mmoja."

Mama alifikiri. Hapakuwa na pengi pa kutafuta humo kichwani. Vitu vingi vilikuwa vimekwenda na kutu. Alifikiri mpaka Mama Mapacha, aliyekuwa karibu, akaanza kukohoa makusudi na kutikisa kichwa. Mama hakumwona. Alikuwa amepata, na anatabasamu. Alifumba macho akakipitia kimoyomoyo kutoka mwanzo hadi mwisho, na Msimamizi akabonyeza saa, akaitazama, akamshukuru.

Jioni alitoka akiwa mchangamfu kuliko siku nyingi. Chiriku alikuwa getini na begi lake la shule. Mama alimpa mkono unaotetemeka, wakasimama ukingoni mwa barabara kungojea magari.

"Leo nimekuchagua wewe," mama alisema.

"Kufanya nini?" Chiriku aliuliza, ingawa alijua.

"Kuhesabia muda. Niliambiwa nichague kitu ninachokipenda, nikaona sina kingine. Unanisubiri hapa kila siku, hata mvua ikinyesha, na mimi si ndugu yako. Watoto kama wewe hawapatikani."

Furaha ilimpata Chiriku kwanza, kubwa, mpaka akataka kuruka pale pale. Hofu ikaja nyuma yake. Malori mawili ya kiwanda yalipita yamejaa maboksi, na vumbi likawalazimu wote wawili kufumba macho.

"Umeanzia wapi?" aliuliza yalipokwisha kupita.

"Juu. Kwenye nywele zako, zinavyozunguka kwenda kulia. Ulikuwa hujui kwamba zinazunguka?"

Chiriku alipiga hesabu: nywele, sikio, nyusi, macho. Barabara ilikuwa tupu, lakini hakuivuka.

"Kesho anzia miguuni," alisema. "Halafu upande polepole. Uso uuache mwisho."

Mama alilifikiria wazo hilo akaliona zuri. Alisema atamuuliza Msimamizi kama inaruhusiwa.